SOMO: TUTENGENEZE PIPA LA MBEGU



Kila msimu tunaona jambo lilelile vijijini. Mvua imeanza, shamba liko tayari, lakini mama akifungua gunia anakuta maharagwe yametobolewa na wadudu, na panya nao wamepita. Basi anakopa mbegu, na mavuno yakija sehemu kubwa inalipa deni. Leo tujifunze kutengeneza pipa la vibao linaloweka debe moja na zaidi.

VIFAA
Vibao 12 vya saiprasi au grevilea, urefu sentimita 50, unene sentimita 2. Mbao za kitako na kifuniko. Mkanda wa chuma, ribiti, randa, msumeno, patasi, nyundo na kamba. Mtarakwa wa msituni tusiuguse. Miti ya shambani inatosha.

KAZI YENYEWE
1. Kausheni mbao kivulini hadi zikauke kabisa. Mbao mbichi husinyaa baadaye na kuacha nyufa.

2. Kila kibao kiwe na upana wa sentimita 9 chini na 8 juu.

3. Pigeni randa kingo zote mbili za kibao kwa mshazari wa nyuzi 15, upande wa ndani uwe mwembamba kuliko wa nje. Nyuzi 15 zimetoka wapi? Duara lina nyuzi 360. Vibao 12 vina kingo 24. Gawanyeni 360 kwa 24.

4. Upande wa ndani, sentimita 3 kutoka chini, chongeni mfereji wa kina cha milimita 6. Upana wake ulingane na unene wa kitako.

5. Simamisheni vibao kwa duara, mfunge kwa kamba na kukaza kwa kusokota kijiti. Pimeni mzunguko kwa uzi, kisha mtengeneze pete mbili za chuma, ya chini kubwa kuliko ya juu. Zivisheni kutoka juu, mkigonga polepole kuelekea chini. Kwa kuwa pipa ni pana chini, pete ikishuka inakaza. Hakuna msumari.

6. Wekeni pipa juu ya mbao za kitako na kuchora umbo la ndani. Ongezeni milimita 5 kila upande, mkate. Legezeni pete ya chini, ingizeni kitako kwenye mfereji, kisha gongeni pete tena.

7. Tengenezeni kifuniko kinachobana vizuri.

Wakati wa kiangazi mbao zikisinyaa, gongeni pete zishuke kidogo.

KUWEKA MBEGU
Pipa haliwezi kuponya mbegu mbichi. Tieni mbegu kidogo na chumvi kavu ndani ya chupa kavu, mtikise, mngoje dakika 15. Chumvi ikinata kwenye chupa, rudisheni mbegu juani. Zikishakauka na kupoa, changanyeni na jivu lililochungwa, mjaze pipa.

Angalieni jambo hili: pipa hili ni la maharagwe, si la mahindi. Yule mdudu wa mahindi anayeitwa dumuzi hutoboa hata mbao. Kwa mahindi, mfuko usiopitisha hewa ni bora.

TUJADILIANE
- Mbegu ya nyumbani kwetu, nani ana ruhusa ya kuiuza? Je, mama aliyeichagua na kuianika anaulizwa?
- Pipa la kikundi likae kwa nani, na lifunguliwe mbele ya watu wangapi?
- Mwanachama akikopa debe nusu, atarudisha kiasi gani, na lini?

Andikeni majibu kwenye kitabu cha kikundi kabla ya kujaza pipa, maana kwa mambo haya ndipo vikundi vingi huvunjika. Yusufu kule Misri aliweka akiba wakati wa shibe, si wakati wa njaa. Sisi nasi tuanze mavuno haya.