ROHO ALISHUKA, LUGHA ZIKABAKI

Somo la wiki
Maandiko ya kusoma: Matendo 2:1-13, Matendo 6:1-7, Ufunuo 7:9-10

Wiki hii nataka tuangalie neno moja tunalolitaja karibu kila ibada: umoja. Tunauimba, tunashikana mikono, halafu tukitoka nje kila mtu anasimama na watu wa kwao. Na siasa ikikaribia, hata salamu zinabadilika. Sasa Biblia inaposema umoja, inamaanisha nini?

1. Mungu hakufuta lugha

Siku ya Pentekoste Yerusalemu ilikuwa imejaa watu wa mbali. Luka anawataja: Waparthi, Wamedi, Waelami, watu wa Misri, wa Libya, wa Rumi, Wakrete, Waarabu, na wengine. Wengi wao walielewa Kiyunani au Kiaramu. Hizo ndizo zilikuwa lugha za soko na za safari, kama vile sisi tulivyo na Kiswahili. Kwa hivyo Roho Mtakatifu angeweza kutumia lugha moja na ujumbe ufike. Hakufanya hivyo. Kila mtu alisikia sifa za Mungu kwa lugha ya nyumbani kwao.

Linganisha na Babeli, Mwanzo 11. Kule walikuwa na lugha moja na mpango mmoja, lakini walikuwa wanajitafutia jina lao wenyewe. Kwa hivyo si kila umoja unatoka kwa Mungu. Umoja wa Babeli unataka wote wafanane. Umoja wa Pentekoste unawaleta watu walio tofauti chini ya Bwana mmoja.

Mtu ataniuliza, "Lakini mwalimu, si Wagalatia 3:28 inasema hakuna tena Myahudi wala Myunani?" Ni kweli. Ila Paulo huyo huyo, katika Warumi 11:1, anataja kabila lake waziwazi: Benyamini. Hakulionea haya. Alichokataa ni kabila kugeuzwa tiketi ya kuingia kwa Mungu. Tena simaanishi kila desturi ni njema. Inayopingana na Neno tunaiacha msalabani, iwe imetoka kijijini kwetu au ng'ambo.

2. Umoja unapimwa mezani

Ukisoma Matendo 6 utakuta kanisa bado lina moto wa uamsho, na tayari kuna manung'uniko. Wajane wa waamini waliosema Kiyunani walikuwa wanarukwa wakati wa kugawa chakula. Hawa wote wameokoka! Lakini sahani zinafika kwa wengine, na wengine wanabaki kuangalia.

Mitume hawakuwaambia wanaolalamika ni wa kimwili. Hawakusema, "Tuombe tu, yataisha." Waliambia kanisa lichague watu saba. Angalia majina: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena, Nikolao. Yote ni ya Kiyunani. Kwa maneno mengine, mwiko ulikabidhiwa upande uliokuwa unalia njaa. Na mstari wa 7 unasema baada ya hapo Neno likaenea na wanafunzi wakaongezeka.

3. Historia inatuonya

Sisi Wapentekoste tunaipenda habari ya Azusa Street, mjini Los Angeles, mwaka wa 1906. Aliyeongoza ni William Seymour, Mmarekani mweusi, mtoto wa watu waliowahi kuwa watumwa. Kabla ya hapo, akiwa Houston, ubaguzi wa siku hizo ulimfanya asikilize masomo ya Biblia akiwa nje ya darasa. Mungu alimtumia huyo huyo. Weusi, weupe na watu wa asili ya Meksiko waliomba chini ya paa moja, wakati nchi yao ilikuwa inawatenganisha.

Lakini haikudumu. Baada ya miaka michache waamini hao walianza kugawanyika kwa rangi, kila upande na kanisa lake. Ilipita miaka mingi mpaka 1994, mjini Memphis, viongozi wa pande hizo mbili walipokutana, wakatubu na kuoshana miguu. Wapendwa, wote walikuwa wananena kwa lugha, na bado walibaguana.

Na sisi je? Tarehe 1 Januari 2008, kule Kiambaa karibu na Eldoret, watu waliokimbilia kanisani, wengi wao kina mama na watoto, walichomewa humo ndani. Siandiki haya kufungua kidonda. Naandika kwa sababu kura inarudi kila miaka mitano, na kanisa lisilojenga umoja wakati wa amani haliwezi kuukopa wakati wa fujo.

4. Tuanzie wapi?

Nawaletea mambo matatu.

Kamati. Tuangalie majina ya wanaoshika sadaka, ujenzi, kwaya na mambo ya misiba. Kama yote ni ya jamii moja, Matendo 6 inatuhusu.

Lugha. Mkiwa pamoja na ndugu wa jamii nyingine, mkageuza kuongea lugha ya kwenu ili asielewe, mmemfungia mlango. Lakini kama kuna shosho anayejua kuomba kwa lugha ya mama pekee, aombe hivyo, na mtu atutafsirie. Mungu anamsikia.

Simu. Ukitumiwa ujumbe wa kutukana kabila lingine, usiupeleke mbele. Futa, na umwambie aliyekutumia kwa nini umefuta.

Yohana aliona umati mkubwa mbinguni, na bado aliweza kutambua kwamba wametoka katika makabila na lugha nyingi. Kama mbinguni tutaonekana hivyo, tusioneane haya hapa duniani.

Maswali ya vikundi vya nyumbani

1. Katika kikundi chetu, ni nani anayerukwa kama wale wajane?
2. Mara ya mwisho nilimkaribisha nyumbani mtu asiye wa jamii yangu ilikuwa lini?
3. Tutalindana vipi wakati wa kampeni?

Tuombe: Bwana Yesu, tunakushukuru kwa lugha ulizotupa. Tusafishe na dharau, utupe meza moja, na mwiko wetu usimruke mtu. Amina.