Jina la Kwetu na Afya ya Akili



Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza juu ya malaria, kuhara, lishe ya watoto na kliniki ya akina mama. Mwezi huu tunapenda tuzungumze juu ya maumivu yasiyoonekana katika kipimo cha damu. Ni yale yanayompata mtu anapoanza kuona aibu juu ya kwao.

Katiba ya Shirika la Afya Duniani, iliyoanza kutumika mwaka 1948, inaeleza kuwa afya si kukosa ugonjwa tu. Ni kuwa na hali njema ya mwili, ya akili na ya maisha pamoja na wenzetu. Kwa hiyo jambo hili ni la afya kabisa.

JINA TULILOBANDIKWA

Wengi wetu tuliosafiri tunaijua hali hii. Unafika Morogoro au Dar es Salaam, unaulizwa, "Kwenu wapi?" Ukijibu "Sumbawanga", watu wanacheka, au mmoja anasogea pembeni: "Kumbe wewe ni wa kule! Usije ukaturoga."

Mara nyingi asemaye hivyo hana ubaya, anafanya mzaha. Utani ni mila nzuri ya nchi yetu, lakini una taratibu zake. Watani hutaniana pande zote mbili, na siku ya msiba mtani ndiye anayekuja kusaidia kazi. Mzaha wa upande mmoja, wa kila siku, kwa mtu aliye mgeni na peke yake, huo si utani tena.

Tuchukue mfano wa kijana aliyepelekwa shule ya bweni mkoa wa mbali. Mwezi wa kwanza anacheka pamoja na wenzake. Baadaye, mtu akiota ndoto mbaya usiku bwenini, asubuhi macho yanamgeukia yeye. Anaanza kusema kwao ni Mbeya. Mama akipiga simu, anatoka nje asije akasikika akiongea Kifipa. Kijana huyu hana siku ya kupumzika, maana kila swali dogo juu ya nyumbani analiogopa. Baada ya muda kichwa kinauma, usingizi hauji, masomo yanashuka. Akienda zahanati anapimwa malaria, haonekani na kitu, anapewa dawa ya maumivu na kurudi bwenini na mzigo wake.

JINSI MANENO YANAVYOINGIA MOYONI

Mtu akiambiwa jambo moja mara nyingi, mwisho huanza kuliamini. Marekani, katika miaka ya 1940, wataalamu wawili weusi, Kenneth Clark na mkewe Mamie, waliwaonyesha watoto weusi wanasesere weupe na weusi. Wengi wa watoto hao walisema mweupe ndiye mzuri na mweusi ndiye mbaya. Hakuna mwalimu aliyewafundisha hivyo darasani. Waliyaokota katika maisha ya kila siku. Mwaka 1954 Mahakama Kuu ya nchi ile, ilipokataza shule kutenga watoto kwa rangi, ilitaja kazi ya aina hiyo.

Watoto wetu nao huokota. Matokeo yake ni hasa matatu:

1. Aibu. Kijana anajiona mdogo mbele ya wenzake hata kabla hajafungua kinywa.

2. Mashaka. Aliyeambiwa kuwa kwao ni kwa wachawi anaanza kuogopa kwao mwenyewe. Kila homa na kila kufeli anavitafutia mtu aliyevileta.

3. Kuvunjika kwa familia. Hili linatuumiza zaidi sisi tunaohudumia wazee. Wapo wajukuu wanaoletwa likizo kutoka mjini wakiwa wameonywa wasile kwa bibi. Bibi amepika ugali na maharage, amewasubiri mwaka mzima, nao wanasema wameshiba. Mzee wa namna hiyo akija kwetu hasemi "nina huzuni". Anasema mwili wote unamwaka moto, chakula hakipiti, moyo unakwenda mbio.

TUSIJIMEZESHE SUMU WENYEWE

Si wageni tu wanaotubandika jina hilo. Wazee wetu wanakumbuka habari za Kamchape, waliopita katika vijiji vya Ufipa mwaka 1963 na 1964 wakidai kuwafichua wachawi. Mtaalamu wa mila kutoka Uingereza, Roy Willis, aliyekuwa akiishi Ufipa wakati huo, aliandika habari zao. Kamchape walikwenda zao, lakini aliyenyooshewa kidole alibaki kijijini na majirani walewale.

Kila mara tunaposema ugonjwa wa mtoto umetoka kwa mzee fulani, tunafanya madhara mawili kwa pamoja. Mgonjwa anacheleweshwa matibabu, na mzee anatiwa hofu ambayo huenda ikamwua. Kifafa, sonona na kuchanganyikiwa akili ni magonjwa. Yana dawa, na hayana haja ya kutafutiwa mkosaji.

KWETU NI WAPI HASA?

Dawa ya jina la uongo ni kulijua jina la kweli. Tuanze na Sumbawanga lenyewe. Wengi husimulia kuwa maana yake ni "tupa uchawi", yaani anayeingia hapa aache uchawi wake nje. Basi jina tunalochekwa kwalo ni neno la kukataza!

Tena tuwaambie watoto juu ya malungu, yale matanuru marefu ya udongo ambamo babu zetu waliyeyusha chuma bila mivuo, upepo ukiingia wenyewe kwa matundu ya chini. Chuma hicho kilisafishwa, kikafuliwa majembe. Tuwaambie juu ya matuta ya duara ya Kifipa, ambamo nyasi hufukiwa chini ya udongo zikaoza kuwa mbolea, kabla mbolea ya viwandani haijafika. Joseph Thomson, msafiri kutoka Uskoti aliyepita Ufipa mwaka 1880, aliwaeleza watu wetu kuwa ni wakulima wenye amani. Watoto wakiyajua haya, watakuwa na la kujibu.

Mambo haya yana faida kwa afya. Mwaka 1998 watafiti Michael Chandler na Christopher Lalonde walitoa habari za wenyeji wa asili wa British Columbia, nchini Kanada. Kwa ujumla vijana wa wenyeji hao walikuwa wakijiua kwa wingi kuliko vijana wengine. Lakini palipokuwa na jumuiya zilizoshika ardhi yao, zikaendesha shule zao na kutunza mila zao, vifo hivyo vilikuwa vichache sana, na pengine havikuwapo kabisa kwa miaka 5 iliyochunguzwa. Hatusemi mila peke yake ndiyo iliyowaponya. Lakini kijana anayejua ametoka wapi ana mahali pa kushika siku ya shida.

Angalizo moja: kupenda kwetu si kuwadharau wengine. Rukwa ni ya Wafipa, na ni ya Wamambwe na Walungu, na pia ya Wasukuma waliohamia na ng'ombe wao, ambao watoto wao wamezaliwa hapa. Mtoto wa Kisukuma akiambiwa "rudi kwenu", anaumia vilevile kama yule wetu aliyechekwa Morogoro.

DALILI ZA KUANGALIA

Huzuni ya siku 2 au 3 ni ya kawaida. Lakini dalili hizi zikikaa wiki 2 au zaidi, huenda ni sonona:

- huzuni karibu kila siku, au kutopenda tena mambo aliyokuwa akiyapenda;
- kukosa usingizi, au kulala kupita kiasi;
- kukosa hamu ya kula, mwili kuchoka bila kazi;
- kujilaumu na kujiona hafai;
- kujitenga, kushindwa kusoma au kufanya kazi;
- kusema afadhali afe.

Hiyo ya mwisho ni ya hatari. Usimwache mtu huyo peke yake, ondoa karibu naye sumu za shambani na kamba, na umfikishe hospitali siku hiyohiyo. Kumwuliza kwa upole kama anafikiri kujiua hakumtii wazo hilo, bali humpa nafasi ya kusema.

Sonona hutibiwa kwa mazungumzo na, ikibidi, kwa vidonge. Vidonge hivyo huchukua wiki kadhaa kabla ya kuonyesha kazi yake, kwa hiyo mgonjwa asiviache kwa sababu siku 5 zimepita bila nafuu. Anzeni zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Wataeleza pa kwenda zaidi.

LA KUFANYA NYUMBANI

Akina baba na akina mama, ongeeni na watoto Kifipa, au lugha ya nyumbani kwenu, pamoja na Kiswahili. Mtoto hapotezi kitu kwa kujua lugha mbili, na bibi anapata mtu wa kuzungumza naye.

Kabla mtoto hajaenda shule ya mbali, mwambieni mapema kuwa atachekwa, na zoezeni pamoja jibu fupi la heshima. Akirudi likizo, msimwulize juu ya alama tu. Mwulizeni: "Wenzako wanakuitaje?"

Tunasema mkataa kwao ni mtumwa. Ni kweli, lakini methali hiyo tusimpige nayo kijana aliyeficha kwao. Aliyakimbia maumivu. Kwanza tumsikilize.

Na wajukuu wakija, wazazi, kaeni nao kwa bibi, nyoosheni mkono wa kwanza katika sahani. Watoto watawafuata.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA JUMUIYA

1. Je, katika kijiji chetu kuna mzee anayekula peke yake kwa sababu ya maneno ya watu? Nani atakwenda kumtembelea wiki hii?

2. Watoto wetu wanajua nini juu ya kwao? Nani kati ya wazee wetu anaweza kuwasimulia?

3. Ni maneno gani tunayowaambia majirani wa makabila mengine ambayo tusingependa kuambiwa sisi?