Maji Yarukayo

Watoto, twaeni kopo tupu lenye kimo cha sentimeta 20 hivi. Toboeni kwa msumari matundu matatu yaliyo sawa: moja sentimeta 5 kutoka chini, moja katikati, moja sentimeta 5 chini ya ukingo. Yasiwe katika mstari mmoja, maji ya juu yasiangukie ya chini. Mmoja wenu aendelee kumimina maji ili kopo libaki limejaa.

Maji ya tundu gani yataruka mbali zaidi? Wengi husema, “Ya chini.” Haya, wekeni kopo penye ardhi tambarare, mtazame. Kumbe ya katikati ndiyo yashindayo, na mengine huanguka karibu mahali pamoja! Maji ya chini yasukumwa na uzito wa maji yote yaliyo juu yake, hutoka mbio. Lakini ardhi i karibu, huanguka mara. Ya juu yana nafasi ya kusafiri, lakini nguvu haba. Sasa inueni kopo juu ya kiti, maji yaanguke hadi ardhini. Safari hii ya chini yashinda. Mwitalia Torricelli aliandika kanuni ya mwendo huo mwaka 1644: maji hutoka tunduni kwa mbio zile zile za kitu kilichoanguka kutoka uso wa maji mpaka penye tundu.

Tena, wekeni ndoo ya maji safi juu ya meza. Tieni ndani mpira mwembamba, vuteni maji kwa kinywa, kisha shusheni ncha na kuielekeza juu. Maji yaruka! Inueni ncha polepole: yapungua, yapungua, na ncha ikifika usawa wa maji ya ndoo, yakoma. Kupita hapo hayawezi.

Katika Bunia wengi huteka maji kwenye chemchemi mabondeni, na mama hupanda kilima na bidoni ya lita 20, yaani kilo 20. Mpira peke yake haungemsaidia, pangehitajika pampu. Lakini nyumba iliyo chini ya chemchemi yaweza kuletewa maji kwa bomba tu, usiku na mchana, bila mashine.

Maswali
1. Nyumba moja iko mita 3 juu ya chemchemi, nyingine mita 2 chini yake. Ipi yaweza kupata maji kwa mpira tu?
2. Ndoo ikianza kuisha, maji yarukayo yafanya nini? Kwa nini?