SOMO: Jumuiya ya Afrika Mashariki inapanuka, mulimaji anapata nini?



Katika mikutano ulizo moja linarudi kila mara: "Walituambia Kongo imeingia Jumuiya ya Afrika Mashariki. Basi mbona kwenye mupaka tungali tunalipa?" Ulizo hilo ni la haki, na leo tutalijifunza pamoja.

Jumuiya ya kwanza, ya Kenya, Uganda na Tanzania, ilianza 1967 na ikavunjika 1977. Sababu zilikuwa nyingi, lakini moja ni hii: wengine waliona Kenya inakula faida kuwapita. Baadaye inchi hizo tatu zikapatana tena, zikatia sahihi mukataba mupya 1999. Rwanda na Burundi wakaingia 2007, Sudani ya Kusini 2016, sisi 2022, kisha Somalia. Leo ni inchi nane, toka bahari ya Hindi mupaka Muanda kwenye Atlantiki.

Lakini kutia sahihi ni jambo moja, kufungua mupaka ni lingine. Rwanda na Burundi waliingia mwezi wa saba 2007, na ushuru wa pamoja wakaanza kuufuata mwezi wa saba 2009. Miaka miwili, na hizo ni inchi ndogo. Kongo peke yake inapakana na inchi tano za Jumuiya, tena njia za kupitia ni nyingi sana. Musishangae kama duane inakawia kubadilika.

Sheria yenyewe inasema hivi: kitu kilicholimwa ndani ya inchi memba hakilipi ushuru wa kuingiza katika inchi memba nyingine, ila kiwe na ushuhuda wa kwamba kimetoka huko. Kwa wachuuzi wadogo kuna cheti chepesi cha asili ya bidhaa. Kinatolewa na watu wa duane kwenye mupaka, kwa mali isiyopita dola 2000, na kwa bidhaa zilizoandikwa kwenye orodha tu. Tusikilizane vizuri: cheti hicho kinaondoa ushuru wa kuingiza. Hakiondoi ukaguzi wa mimea, wala kodi zingine za ndani. Ndiyo maana mama mwenye gunia lake la maharagi anaweza kuwa na haki yake yote na bado akaombwa franga. Aombe risiti. Anayekataa kutoa risiti anajitafutia yake.

Sasa upande wa pili, ambao kwenye redio hawausemi sana. Mulango ukifunguka, watu wanaingia na wanatoka. Bidhaa nyingi za maziwa na nyama zinazotoka inje ya Jumuiya zinawekewa ushuru wa 35%. Hiyo inamukinga mufugaji. Lakini maziwa ya Uganda au ya Kenya yako ndani ya Jumuiya, yatapita bila ushuru. Mutu wa Masisi anayetengeneza jibini atashindana nayo, na wenzetu wale wana barabara na umeme kuliko sisi.

Umoja wa Ulaya ulipokea inchi kumi kwa siku moja, tarehe 1 mwezi wa tano 2004. Walimaji wadogo wa Poland waliogopa kama sisi. Tofauti ni kwamba Ulaya ina mufuko wa kulipa walimaji: wale wapya walianza kupewa 25% ya malipo ya wenzao, ikapanda pole pole. Jumuiya yetu haina mufuko wa namna hiyo. Kwa hiyo kinga ya mulimaji wa huku ni koperative yake: kupima pamoja, kukausha vizuri, kuuza kwa wingi.

Na siasa je? Marais wanakata maneno makubwa kwa kupatana wote. Wakiwa watatu ni vigumu, wakiwa nane ni zaidi. Jeshi la Jumuiya lilikuja Kivu mwisho wa 2022, likarudi mwisho wa 2023, vita ikaendelea. Barabara ikifungwa na vita, ushuru wa sifuri haumusaidii mutu. Franga moja ya Jumuiya nzima, iliyopangwa kwa 2024, imesogezwa mupaka 2031. Tusiingoje ili tuanze kuuza.

Maulizo ya kuzungumuza katika koperative:

Ni mazao gani yetu yanavuka mupaka, na nani anayavusha?

Mwezi uliopita tulilipa nini kwenye mupaka, na kwa risiti ngapi?

Ni bidhaa gani ya jirani inashusha bei yetu sokoni?