BWANA WA MAJESHI
Somo la Biblia

Someni: 1 Samweli 4:1-11, Yoshua 5:13-15, 2 Wafalme 6:8-23, Yakobo 5:1-6.

Katika Ushirika Mtakatifu twamsifu Mungu wa majeshi, kama walivyomsifu maserafi katika maono ya nabii Isaya (sura ya 6). Kwa kuwa tumelizoea jina hilo, twalipita upesi. Leo tujiulize: majeshi hayo ni yapi, nayo yapigana na nani?

1. Maana ya jina
Agano Jipya limelihifadhi neno la Kiebrania kwa matamshi ya Kiyunani: Sabaothi, yaani majeshi. Neno hilo hutumika kwa askari wa Israeli, kwa malaika, na hata kwa jua, mwezi na nyota (Kumbukumbu la Torati 4:19). Kwa hiyo jina hili halisemi tu kwamba Mungu anao askari wengi. Lasema kwamba hakuna nguvu yo yote, juu wala chini, isiyo chini ya amri yake. Watu wa zamani zile waliogopa mno magari ya vita ya Misri na ya Ashuru. Basi waandishi walitwaa mfano wa kile walichokiogopa, wakaonyesha kwamba yuko aliye mkuu kupita hicho.

2. Jeshi hili si letu
Israeli walipopigwa na Wafilisti, wakapoteza watu wapata 4,000, walilileta Sanduku la Agano vitani, wakidhani kwamba Mungu sasa atalazimika kushinda. Siku hiyo walianguka 30,000, na Sanduku likatekwa. Tena Yoshua, karibu na Yeriko, alimwuliza mtu mwenye upanga kama yu upande wao au upande wa adui. Jibu lilikuwa la. Yeye ni amiri wa jeshi la Bwana. Naye Yoshua akaanguka kifudifudi, akavua viatu. Swali basi si kama Mungu yu upande wetu. Swali ni kama sisi tu upande wake.

3. Nguvu ya namna gani?
Huko Dothani mtumishi wa Elisha aliona mji umezungukwa na jeshi la Shamu. Elisha akaomba, naye akafumbuliwa macho, akauona mlima umejaa farasi na magari ya moto. Angalieni sana mwisho wa habari hii: magari yale hayakumteketeza mtu. Askari wa Shamu walipofushwa macho, wakaongozwa mpaka Samaria. Na mfalme alipotaka kuwapiga, Elisha akamkataza. Waliandaliwa karamu, wakala na kunywa, wakarudi kwao, na vikosi vyao vikakoma kuivamia nchi. Mwenye nguvu kweli hana haja ya kuua ili aonekane ana nguvu.

4. Hatari iliyo karibu nasi
Wako wanaopenda kumwomba Mungu wa majeshi awapige jirani, mke mwenza au mkubwa wa kazini. Kabla ya kuomba hivyo, tusome Yakobo 5:4. Katika Agano Jipya jina hili linapatikana mara mbili tu: katika Warumi 9:29, ambapo Paulo anamnukuu Isaya, na hapa kwa Yakobo. Na hapa kilio kilichomfikia Bwana wa majeshi ni cha nani? Ni cha vibarua waliovuna mashamba, wakanyimwa ujira wao. Mwenye shamba huenda alidhani hana adui; kumbe amejiweka mbele ya jeshi lisiloshindwa. Kama yaya, mchungaji wa ng'ombe au mpalilizi wako anakudai mshahara wa mwezi uliopita, mlipe kabla ya Jumapili.

Maswali ya kujadiliana
(a) Kwa nini Sanduku halikuwaokoa Israeli?
(b) Mtumishi wa Elisha alijifunza nini kwa magari ya moto, na nini kwa karamu?
(c) Katika mtaa wetu, ni nani ambaye kilio chake kinamfikia Bwana wa majeshi sasa?