Somo la Mazingira: Je, Kila Njiwa ni Mwizi wa Mbegu?



Msimu uliopita wa kupanda, kikundi kimoja karibu na Kwihara kilitueleza kwamba ndege wanakula mbegu za mahindi. Katika taarifa yetu tuliandika kwa kifupi: "Njiwa ni waharibifu." Wiki chache baadaye tulikuta mtama uliochanganywa na sumu umemwagwa kando ya mashamba. Wengi waliokufa walikuwa pugi, pamoja na kuku wa jirani. Tunakiri kwamba kosa lilianzia kwenye taarifa yetu, ndiyo maana tumeandaa somo hili.

1. Pugi ni nani?

Njiwa wote ni wa familia moja, Columbidae. Familia hugawanywa katika jenasi, na jenasi katika spishi. Pugi tunaowazungumzia ni wa jenasi Turtur, yenye spishi 5, zote za Afrika kusini mwa Sahara.

Anayeonekana sana katika miombo ya Tabora ni Turtur chalcospilos: mdogo, ana madoa ya kijani yanayong'aa bawani, mdomo wa rangi ya giza na mistari miwili myeusi mgongoni karibu na mkia. Akiruka, mabawa huonyesha rangi ya kahawia nyekundu. Turtur afer hufanana naye, ila madoa yake ni ya buluu na mdomo ni mwekundu wenye ncha ya njano. Turtur tympanistria ana kifua cheupe na hupenda vichaka vizito. Turtur abyssinicus ni wa ukanda mkavu kuanzia Senegal hadi Ethiopia, na Turtur brehmeri ni wa misitu ya mvua ya Afrika Magharibi na Kati.

Tetere ni wa jenasi nyingine, Streptopelia. Ni mkubwa kuliko pugi, na tetere wetu wa kawaida ana alama nyeusi nyuma ya shingo kama ukosi.

2. Majina nayo yamewahi kuchanganywa

Tusijilaumu kupita kiasi. Mwaka 1766 Linnaeus alimweka Turtur afer katika jenasi Columba pamoja na njiwa wa kufugwa. Boddaert alianzisha jina la jenasi Turtur mwaka 1783. Hata hivyo, vitabu vingi vya mwishoni mwa karne ya 19, wakati Mjerumani Richard Böhm alipokusanya ndege kusini mwa Tabora, viliwaita tetere Turtur, na pugi Chalcopelia. Hivyo anayesoma taarifa za zamani aangalie maelezo ya ndege, si jina peke yake.

3. Faida yake shambani

Pugi hutafuta chakula akitembea chini. Chakula chake kikubwa ni mbegu ndogo za nyasi zilizokwisha kuanguka. Kwa hiyo anayemwaga nafaka yenye sumu ardhini humpata pugi kwa urahisi, hata kama mwizi alikuwa mwingine.

Tumekubaliana na kikundi: hakuna sumu tena. Mbegu zitafukiwa vizuri, watu watalinda shamba asubuhi na jioni mpaka miche isimame, na taarifa itaandika aina ya ndege aliyeonekana akila.

Maswali ya kujadili kwenye kamati

- Ni ndege gani hasa wanaokula mbegu kwetu? Nani amewaona, na saa ngapi?
- Katika taarifa zetu, ni neno gani jingine moja linalofunika mambo mengi yanayotofautiana?
- Kabla ya kuomba fedha za dawa, tumechunguza nini?