Umenunua boti iliyotumika: kipi kitengenezwe kwanza?

Anayenunua boti ya faiba iliyotumika, yenye matanga na injini ya dizeli ndani, hupokea pia kila kitu ambacho mwenyewe wa zamani alikipuuza. Fundi wa mitambo ya boti anajibu maswali ya wanunuzi wapya.

Fundi, baada ya kulipa boti nimebakiwa na pesa kidogo. Nianzie wapi?

Anzia pale bahari inapoweza kuingia. Chini ya mstari wa maji boti ina matundu: la maji ya kupozea injini, la choo, la sinki. Kila tundu lina valvu. Zifunge na kuzifungua zote kwa mkono. Iliyoganda ibadilishwe, usiilazimishe kwa nyundo. Kisha zikwaruze kidogo. Brasi ikitoa rangi ya waridi, ujue maji ya chumvi yameshakula zinki yake, na kilichobaki ni shaba dhaifu inayoweza kumeguka mkononi. Weka za bronzi. Kila mpira ukazwe kwa klampu mbili zisizoshika kutu, na kando ya kila valvu funga kwa kamba kizibo cha mti laini kinacholingana na tundu hilo. Ngama iwe na pampu mbili: ya umeme inayojiwasha kwa boya, na ya mkono kwa siku ambayo umeme haupo. Friji na redio ya muziki visubiri.

Kubadilisha valvu kunataka boti itoke majini, na kreni ni ghali. Nifanyeje?

Kama mkuku wake ni mrefu na bapa, tumia bamvua. Maji kupwa na kujaa huweza kupishana kwa karibu mita 4 katika sehemu nyingi za pwani yetu, na manahodha wetu wamekuwa wakisafisha majahazi kwa njia hiyo tangu zamani. Ipandishe maji yakijaa kwenye mchanga mgumu, iegemeze kwa nguzo pande zote mbili, fanya kazi maji yakipwa. Chagua siku ambazo maji bado yanaongezeka kuelekea bamvua. Ukipanda siku ya kilele, maji ya siku zinazofuata hayatafika ulipo na boti itabaki nchi kavu. Vifaa vyote viwe tayari kabla hujaanza, maana una saa chache tu. Boti yenye mkuku mwembamba na wa kina usiijaribu namna hii. Hiyo lipia kreni.

Ikiwa juu, itikise shafti: ikicheza sana, beringi yake ya mpira imekwisha. Tazama na vipande vya zinki vinavyolinda propela. Vilivyoliwa nusu vibadilishwe, na visipakwe rangi, kwani vikipakwa havilindi kitu. Walio Ziwa Victoria watumie magnesi, kwa sababu zinki haifanyi kazi vizuri kwenye maji baridi.

Muuzaji anasema injini imefanyiwa sevisi juzijuzi. Nimwamini?

Asipokuwa na maandishi, hesabu kwamba haijafanyiwa. Kabla ya kumwaga oili, itazame: ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia na usiiwashe tena mpaka ijulikane yanapotokea. Fanya vivyo hivyo kwa oili ya giaboksi. Badilisha filta zote, mkanda, na impela ya pampu ya maji ya chumvi. Impela ni ya mpira, na ikizunguka bila maji hata kwa muda mfupi hukatika. Ukikuta imepoteza mabawa, yatafute kwenye mabomba na kwenye kipozeo mpaka vipande vyote vipatikane, la sivyo vitaziba njia na injini itachemka hata ukiwa na impela mpya. Kila unapowasha, chungulia nyuma uone maji yakitoka na moshi.

Injini hainisumbui bandarini, lakini tukikuta mawimbi inazima. Tatizo ni nozeli?

Usiguse nozeli kwanza, fungua tangi. Maji hutulia chini ya dizeli, na pale yanapokutana nayo huota vijidudu vinavyoacha utando mweusi unaoteleza. Bandarini uchafu umelala. Mawimbi huutibua, ukaziba filta. Safisha tangi kwa mkono hadi kwenye kona, na uweke filta yenye bakuli la kuonyesha maji yaliyokusanyika, uyamwage mara kwa mara. Chukua filta za akiba, na jifunze mwenyewe kutoa hewa kwenye mfumo wa mafuta.

Jambo moja zaidi: injini ikigoma, usiendelee kupiga starta valvu ya maji ikiwa wazi. Pampu itajaza ekzosi, na maji yatarudi hadi kwenye silinda. Funga valvu, na ifungue mara tu inapowaka.

Nataka kuongeza sola. Inafaa?

Inafaa sana, lakini tengeneza nyaya kwanza. Tumia nyaya zilizopakwa bati, na uweke fyuzi karibu na betri, kwa sababu waya wa betri ukigusana bila fyuzi huwasha moto. Betri ya starta iwe peke yake, isiguswe na taa wala friji. Betri ya asidi iliyojaa na kutulia husoma karibu volti 12.7. Ikisoma 12.2 imebaki nusu, na ukiizoesha kushuka zaidi ya hapo inakufa mapema.

Nitajuaje kwamba sasa naweza kusafiri?

Nenda ndani ya miamba siku ya bahari tulivu, usingoje Kusi ikaze. Endesha injini saa nzima kwa mwendo wa safari, mbao za sakafu zikiwa zimefunuliwa. Shika mipira, nusa, sikiliza. Mahali shafti inapotokea, kama pamezibwa kwa kamba za grisi, padondoshe matone machache kwa dakika ikizunguka, na pasipate moto. Kila hitilafu iandike pamoja na saa za injini. Rudi, rekebisha, toka tena. Ukirudi bila cha kuandika, na ngama ni kavu, panga safari ndefu na wapakie watu wako.